Ziara za Wanafunzi Zisiishie Mombasa

Kila msimu wa ziara za masomo uwadiapo, mabasi ya shule za Kisii na Nyamira huelekea Mombasa. Wanafunzi hupigwa picha mbele ya Ngome ya Yesu, hukanyaga maji ya bahari, kisha hurejea usiku kucha wakisinzia. Sina ugomvi na Mombasa. Ninalouliza ni hili: mbona visiwa vilivyo mlangoni petu tumevipa kisogo?

Kutoka mjini Kisii kupitia Rongo na Homa Bay, safari ya Mbita ni ya saa chache tu. Ng'ambo ya daraja ndipo Rusinga, kisiwa alikozikwa Tom Mboya baada ya kuuawa jijini Nairobi tarehe 5 Julai 1969. Ni huko pia ambako Mary Leakey alifukua, mwaka 1948, fuvu la Proconsul, kiumbe wa jamii ya nyani aliyeishi takriban miaka milioni 18 iliyopita.

Kutoka Mbita mgeni hupanda chombo hadi Mfangano. Kisiwani humo mna michoro ya mwambani, duara ndani ya duara za rangi nyekundu na nyeupe, ambayo hunasibishwa na Watwa waliowatangulia wenyeji wa leo. Mna pia makumbusho ya Abasuba. Lakini hazina ninayoithamini zaidi, nikiwa mwanaisimu, haiwekwi kabatini: ni lugha ya Olusuba.

Olusuba ni lugha ya Kibantu kama Ekegusii. Hata majina yenyewe yanashuhudia udugu huo: Abasuba, Abagusii. Hata hivyo, Wasuba wengi leo husema Kijaluo. Hawakushurutishwa kwa upanga. Lugha yao ilififia kwa njia za kawaida kabisa: ndoa, soko, kanisa na shule. Na je, huko Kisii na Nyamira mjini, ni watoto wangapi wanaojibu kwa Kiswahili au Kiingereza wanaposemeshwa Ekegusii? Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji.

Wapo walimu watakaosema kwamba ziwa ni hatari. Ni kweli, maafa ya meli ya MV Bukoba karibu na Mwanza, Mei 1996, hayasahauliki. Basi tudai jaketi za kuokolea maisha kwa kila mwanafunzi, chombo kisichojazwa kupita kiasi, na safari isianze hali ya hewa ikichafuka. Hatari huhitaji tahadhari, haihitaji ujinga.

Ziara hiyo iwe na kazi maalumu. Kila mwanafunzi abebe daftari, amwombe mzee wa Mfangano majina ya samaki, upepo na viungo vya mwili kwa Olusuba. Akirejea nyumbani, amwulize nyanya yake majina hayo kwa Ekegusii, ayaandike ubavuni. Pale nyanya atakapojua jina ambalo mjukuu hakuwahi kulisikia, ndipo somo litakapokuwa limeanza.