Ufasaha Pekee Hautoshi Katika Insha

Kuna fikra miongoni mwetu watu wa pwani kwamba mtoto aliyenyonya Kiswahili pamoja na maziwa ya mamake hana haja ya kufunzwa kuandika insha. Mimi naikataa fikra hiyo, na ushahidi wangu nautoa Kitui na Makueni, ambako nimefundisha Kiswahili kwa miaka mingi.

Kule wanafunzi wengi hukipata Kiswahili darasani, kwani nyumbani husemwa Kikamba. Mwanzoni msamiati wao ni haba na ngeli huwasumbua. Lakini mwambie mmoja wao aeleze jinsi bwawa la mchanga linavyofanya kazi. Atakwambia kwamba mto wa kwao hauna maji ila wakati wa mvua. Kwamba watu hujenga ukuta wa mawe na saruji kuukinga, juu ya mwamba. Kwamba mvua inyeshapo mto huleta mchanga ukajaa nyuma ya ukuta. Na kwamba maji hubaki ndani ya mchanga huo, jua lisiyamalize upesi, hata wakati wa kiangazi watu wakachimba na kuteka. Kila jambo limekaa mahali pake, la kwanza likazaa la pili. Hiyo ndiyo insha ya maelezo.

Ama insha ya hoja, mada iko mtoni papo hapo. Makueni ilitunga sheria ya mchanga mwaka 2015, kwa kuwa malori yalikuwa yakiuzoa na kuupeleka kwenye ujenzi mijini. Je, mchanga uuzwe au usiuzwe? Kijana ambaye nduguye hupata kibarua cha kupakia malori, na mamake huteka maji katika mto uo huo, hawezi kuandika kwa ushabiki. Humpa kila mmoja haki yake, akapima, kisha akaamua. Nami huwaambia: hoja ya mpinzani iandike kwa nguvu zake zote, ndipo uijibu.

Sasa tuwageukie vijana wetu, ambao insha zao nimezisoma pia. Lugha ni tamu, methali zimetungwa kama shanga, jua limechomoza na ndege wameimba. Lakini swali limesema "jadili", naye amesimulia. Tangu mfumo wa 8-4-4 uanze mwaka 1985, Kiswahili kikawa somo la lazima katika mtihani, wengi wameanguka kwa namna hiyo, wakashangaa.

Wala jambo hili si geni kwetu. Maneno insha, hoja na mjadala tumeyapata katika Kiarabu. Aliyekaa katika darsa ya fiqhi amemsikia mwalimu akitaja kauli ya mwanachuoni huyu na dalili yake, kisha ya yule na dalili yake, kabla ya kusema ipi yenye nguvu. Adabu ni ile ile. Kwa nini tuiache mlangoni tuingiapo skuli?

Mambo ya ardhi, ya bandari na ya uvuvi yanangoja watu wa kuyaandikia. Mwenye maneno matamu bila hoja atapigiwa makofi, lakini atakayesikizwa ni mwingine. Basi wazazi, jioni mwulizeni mtoto aeleze jinsi dema linavyosukwa, au atetee kauli asiyoipenda. Akimaliza, mpeni kalamu.