AJALI HII INA KINGA

Ndugu madereva, na ninyi utingo na makondakta mnaosafiri nao,

Kila masika yakianza huku Rabai twasikia neno lile lile. Lori limeserereka, limelala mtaroni, na kabla halijainuliwa tajiri amekwisha toa hukumu: "Dereva alikwenda mbio." Mtu akifa, hukumu hugeuka kuwa ya upole: "Ajali haina kinga." Kwa neno la kwanza dereva hupoteza kazi. Kwa neno la pili tajiri huponyoka bila kuulizwa kitu. Sisi twayakataa maneno yote mawili.

Kwanza tuseme lililo juu yetu. Kazi ya usukani ina ujuzi wake, na ujuzi huo ni mali yetu, tuujue sote. Njia ya kutoka Mazeras kwenda Kaloleni, ipitayo Rabai, ina vilima na kona, na njia za udongo ziendazo mashambani hugeuka utelezi mara moja. Hata kwenye lami, mvua ya kwanza baada ya kiangazi ni ya hatari sana, kwa kuwa mafuta na vumbi vilivyokaa juu ya barabara huchanganyika na maji kabla havijaoshwa.

Gari likianza kuserereka, mguu hukimbilia breki wenyewe. Hapo ndipo msiba huanza, maana gurudumu lililokwama halishiki njia wala halitii usukani. Basi tushike haya:

1. Toa mguu kwenye mafuta polepole. Usikanyage breki kwa nguvu, wala usirudishe gia kwa ghafla.

2. Nyuma ya gari ikikimbilia kushoto, zungusha usukani kushoto. Ikikimbilia kulia, zungusha kulia. Zungusha kwa kiasi, kisha rudisha mara gari linapoanza kunyooka, ama sivyo litakutupa upande wa pili.

3. Mbele ikikataa kukata kona, usizidi kukunja usukani. Legeza kidogo, acha mwendo upungue, mpaka magurudumu ya mbele yashike tena.

4. Tazama pale unapotaka kwenda, usiutazame mtaro unaouogopa. Mikono hufuata macho.

5. Kama gari lina breki za kisasa zinazozuia magurudumu kukwama, na huna budi kusimama, kanyaga kwa nguvu wala usiachilie, huku ukiliongoza gari. Breki zitatetemeka chini ya mguu, usishtuke.

6. Mwenye trela akumbuke kwamba breki ya ghafla kwenye utelezi huifanya trela isukume kichwa mpaka vikunjane. Punguza mwendo kabla ya kona, si ndani ya kona.

Hayo ndiyo yetu, na asiyeyajua na ajifunze. Lakini hapana ujuzi unaoweza kuponya tairi kipara. Mifereji ya tairi kazi yake ni kutoa maji ili mpira uguse barabara. Mifereji ikiisha, maji hukosa pa kupita, na gari likienda kasi huelea juu yake kama mtumbwi usio na kasia. Hapo dereva atazungusha usukani apendavyo, gari halisikii. Gari hilo halikupotea konani. Lilipotea asubuhi, lilipotolewa yadini.

Na mbio je? Kweli, ukiongeza mwendo mara 2, nafasi ya kusimama kwa breki huongezeka mara 4 hivi. Lakini nani anayemlipa dereva kwa hesabu ya safari badala ya siku? Nani anayemsifu aokoaye dizeli, hata akiteremka kilima gari likiwa nje ya gia? Sheria yasema dereva wa lori au wa matatu asiendeshe zaidi ya saa 8 katika saa 24, nayo safari zinazodaiwa haziishi kwa saa 8. Mguu uliokanyaga mafuta ni wa dereva. Haraka ni ya tajiri.

Wengine watasema: "Nikilikataa gari, funguo atapewa mwingine." Ni kweli, ukikataa peke yako. Mwezi Januari 1947 wafanyakazi wapatao 15,000 waligoma Mombasa, wa bandari, wa reli, wa mahoteli, na mji ukasimama. Matajiri hawakuwa na "mwingine" wa kumpa kazi. Nao hawakuwa na sheria za kuwalinda kama tulizo nazo leo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yataka mfanyakazi aripoti hatari kubwa aionayo kazini, na yamkataza mwenye kazi kumrudisha hatarini kabla hatari haijaondolewa. Katiba ya 2010, kifungu cha 41, yatupa haki ya kuingia chama na haki ya kugoma. Hizo si hisani ya mtu.

Basi madai yetu ni haya. Matairi na breki vikaguliwe kila asubuhi na dereva pamoja na mjumbe wa wafanyakazi, iandikwe daftarini, na nakala ibaki kwetu. Malipo ya kuhesabu safari yaishe. Siku za mvua kubwa safari zipunguzwe bila kukata mshahara. Na madereva wafundishwe kuongoza gari penye utelezi, kwa saa za kazi na kwa gharama ya tajiri.

Yadi nzima ikikataa funguo za gari moja lenye tairi kipara, tajiri atanunua tairi siku hiyo hiyo. Ajali haina kinga, wasema. Hii inayo, na kinga yake yauzwa dukani Mombasa.