Haski wa Nini Dar?

Wadau, siku hizi kila kijana wa mjini mwenye kibarua chake anataka mbwa wa kufanya naye mazoezi. Asubuhi ufukweni Coco, mwisho wa mwezi kupanda Morningside kule Morogoro. Safi kabisa, siwapingi. Ninachopinga ni namna tunavyomchagua huyo mbwa: mtu anaona picha kwenye simu, macho ya bluu, manyoya kibao, hela inatoka.

Mchukueni haski. Wachukchi wa kaskazini mashariki ya Siberia walimlea avute sleji juu ya theluji, ndiyo maana manyoya yake yana tabaka mbili. Mwaka 1925 mbwa wa sleji walipeleka dawa ya dondakoo hadi mji wa Nome, Alaska, katika baridi ya kutisha. Hiyo ndiyo kazi yake. Leo unamleta Dar, mwezi Februari, nyuzi 32, halafu unataka akimbie nawe saa nne asubuhi?

Mbwa hatoi jasho mwili mzima kama sisi. Anajipoza kwa kuhema, ulimi nje, unyevu wa mdomoni ukikauka unaondoka na joto. Hewa ya pwani imeshajaa unyevu, kwa hiyo haukauki upesi na joto linabaki ndani. Buldogi na wenzake wenye pua fupi ndio taabu zaidi, hata njia ya hewa yenyewe ni finyu. Na mbwa hatakuambia amechoka. Atakufuata mpaka aanguke, na joto hilo linaua.

Mimi kura yangu naipa mbwa wetu wa kienyeji, huyu tunayemtukana koko. Manyoya mafupi, mwili mwepesi, miguu mirefu, na mababu zake wamelizoea jua hili. Mtaniambia koko hana adabu. Adabu inafundishwa, jamani! Mchukue mdogo, mfundishe, mlishe vizuri, uone.

Kama lazima uwe na mbwa wa jina, yupo Rhodesian Ridgeback, ambaye sifa zake rasmi ziliandikwa Bulawayo mwaka 1922. Manyoya mafupi, pumzi ndefu. Ila ni jibwa lenye nguvu, si la chumba na sebule. Yupo pia basenji, mwenye asili ya misitu ya Kongo, mdogo, msafi, na habweki kama wengine. Ila naye ni mbishi, anataka mwenye subira.

Yeyote utakayemchagua, daktari wa mifugo ni lazima. Kichaa cha mbwa kinaua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, wakati chanjo ipo. Kagua kupe kila mnapotoka porini. Kimbieni alfajiri, na kabla ya kukanyaga lami weka mgongo wa mkono wako juu yake: ukishindwa kuuacha sekunde chache, nyayo zake nazo zitaungua. Mfunge kamba, maana kuna jirani anayekwenda kuswali na hataki mate ya mbwa kwenye kanzu yake. Na hifadhi za taifa zisahau, wanyama wa kufugwa hawaruhusiwi.

Mbwa wa picha atakupa sifa wiki moja. Anayefaa hali ya hewa yako atakimbia nawe miaka kumi. Nawasilisha. Mnasemaje wadau?