Kitufe kiwe cha kijani au cha bluu?

Wiki jana niliketi saa tatu nzima katika mkutano wa kujadili rangi ya kitufe. Meneja alitaka kijani, mtu wa mauzo alitaka bluu, mimi nilitaka kwenda nyumbani. Kampuni hiyo (siitaji, bado hawajanilipa) inaunda programu ya simu ya kuwawezesha wakulima kuomba mikopo. Nikauliza ni nani kati yetu amewahi kumwona mkulima akijaza fomu yao ya karatasi. Kimya.

Ajabu ni kwamba mfano bora tunao papa hapa Kenya. Majaribio ya M-Pesa yalipoanza mwaka wa 2005, lengo lilikuwa wateja wa Faulu Kenya walipe mikopo yao midogo kwa simu. Wateja wenyewe, ambao hawakufika 500, waliipa kazi nyingine. Kuna walioweka pesa kabla ya safari na kuzitoa wakifika. Wafanyabiashara waliihifadhia mapato usiku, benki zikiwa zimefungwa. Wengine waliwatumia jamaa zao mashambani salio la simu. Wenye mradi waliyaona hayo, wakabadilisha mpango. Ilipozinduliwa Machi 2007, wito ulikuwa kutuma pesa nyumbani.

Sasa utaniambia kampuni ndogo haina pesa za utafiti. Jakob Nielsen aliandika mwaka wa 2000 kwamba watumiaji 5 wanatosha kufichua kasoro nyingi za muundo. Watu 5! Hiyo ni chai na mandazi tu. Mpe mtu kazi ya kufanya, kisha ufunge mdomo umtazame. Kwetu sisi waundaji programu, kufunga mdomo ndiyo kazi ngumu.

Jumamosi nilichora kurasa nne kwa penseli, nikapanda matatu hadi Limuru kwa mama mmoja anayelima chai. Alikwama ukurasa wa pili, penye anwani ya barua pepe. Hana. Akasema angeandika ya mwanawe aliye Mombasa. Yaani majibu ya mkopo wake, na kiasi chake, yangesomwa na kijana huyo kwanza! Mama alicheka, lakini karatasi alinirudishia.

Kuhusu rangi ya kitufe hakusema lolote.

Kesho nitaomba siku mbili za kuwatembelea wakulima wengine wanne kabla hatujachora kitu kingine. Meneja atasema ratiba imejaa. Nitamwonyesha ile karatasi.