Kabla Hujaweka Dole Gumba

Ndugu zangu wa Bariadi, Maswa, Itilima, Meatu na Busega, tuna desturi moja ambayo mara nyingine hutugharimu kuliko ajali yenyewe: tunamaliza madai kabla jeraha halijapona. Mtu kagongwa Jumatatu na mguu umevunjika. Ijumaa, hogo likiwa bado bichi, mwenye gari anafika nyumbani na wazee wawili, mwenyekiti wa kitongoji na karatasi iliyokwisha kuandikwa. Majeruhi anapewa laki kadhaa "za matibabu", anaweka dole gumba, na wageni wanashukuriwa kwa ubinadamu wao. Miezi minane baadaye mfupa umeunga upande, anaambiwa aende hospitali ya Bugando akapasuliwe upya. Akimtafuta mwenye gari, anaonyeshwa ile karatasi: amepokea fidia yote na hana dai lolote, sasa wala baadaye.

Hakuna mkulima wa mkoa huu anayekubali bei ya pamba yake kabla haijapanda mzani. Mguu wake mwenyewe anauuza kwa kukadiria.

Ndiyo maana swali la kuweka wakili au kutoweka wakili si la matajiri wa mjini. Ni letu, na tunalijibu vibaya kwa namna mbili. Wako wanaomkimbia wakili kwa hofu ya gharama, na wako wanaokwenda kwa wakili wakiwa na hasira, wakitaka dereva akomolewe. Wote wamekosa kipimo. Hasira si kipimo, kwa kuwa hupoa kabla shauri halijatajwa mara ya tatu. Kipimo ni mambo mawili: jeraha litadumu na wewe muda gani, na je, kuna anayebisha? Jeraha dogo lisilobishaniwa halihitaji wakili. Jeraha la kudumu, au dai linalokataliwa, linamhitaji, na linamhitaji mapema.

Nianze na wasiomhitaji, maana wengi wetu tumo humo. Aliyeumia kazini, tuseme amekatwa vidole na mashine katika kiwanda cha kuchambua pamba, ana mlango wake. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 ilianzisha Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), ulioanza kazi Julai 2015. Mfuko huo haukuulizi kosa lilikuwa la nani. Unauliza kama uliumia ukiwa kazini. Kinachotakiwa ni taarifa itolewe ndani ya miezi 12, fomu zijazwe na mwajiri, na daktari aandike alichokiona. Kumlipa mtu akujazie fomu hizo ni kutupa fedha, ila pale mwajiri anapodai kwamba hakujui. Hapo ubishi umeingia, na kipimo chetu kinasema tafuta msaada.

Vivyo hivyo kwa aliyejeruhiwa na tembo. Sisi tunaopakana na Serengeti na Pori la Akiba Maswa tunalijua hilo kwa machozi. Malipo ya Serikali yanaitwa kifuta jasho na kifuta machozi kwa kanuni za mwaka 2011, nayo hayakukusudiwa yawe fidia; ni mkono wa pole wenye viwango vilivyopangwa. Wakili hatakiongeza kiwango kilichoandikwa kwenye kanuni. Toa taarifa kwa mtendaji wa kijiji na afisa wanyamapori siku ileile, alama na nyayo zikiwa bado zinaonekana, uweke nakala ya kila unachoandikisha.

Barabarani mambo ni mengine, na hapa nitakaa kidogo.

Lami iliyotuunganisha na Lamadi upande mmoja na Maswa hadi Mwigumbi upande mwingine imetuletea neema. Imeleta na mwendo kasi. Januari 2022, wilayani Busega, gari lililobeba waandishi wa habari liligongana na Hiace ya abiria, na watu wasiopungua 14 wakapoteza maisha. Taifa zima lilisikia. Lakini ajali nyingi za mkoa huu hazitangazwi popote: bodaboda na baiskeli, fuso na mtoto aliyetoka shule. Hizo ndizo zinazomalizwa nyumbani kwa karatasi ya Ijumaa.

Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, inataka kila chombo cha moto kinachotembea barabarani kiwe na bima ya kumlinda mtu wa tatu, yaani wewe uliyegongwa. Wengi wanaiona stika ya bima kama kodi ya trafiki, wala hawajui kwamba nyuma yake kuna fedha iliyotengwa kwa ajili ya mfupa wa jirani yao. Siku hizi uhai wa bima ya gari unaweza kuuhakiki kwa namba ya usajili katika mfumo wa TIRA, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima. Kwa hiyo mwenye gari anayekuja na laki zake na wazee wake, huenda analipa mfukoni deni ambalo kampuni ya bima ndiyo ingelibeba. Mara nyingine naye hajui. Mara nyingine anajua, ila anakwepa kesi ya trafiki.

Kesi hiyo ya trafiki msiidharau. Wengi husema, "Kakubali kosa, kapigwa faini, basi yameisha." Faini inakwenda serikalini, wewe hujapata hata shilingi ya panadoli. Lakini Sheria ya Ushahidi inasema hukumu ya mwisho ya jinai ni ushahidi usiopingika kwamba aliyetiwa hatiani alitenda kosa hilo. Maana yake, dereva akitiwa hatiani kwa uzembe na muda wa rufaa ukapita, kwenye shauri lako la fidia haanzi upya kusema hakukosea. Nusu ya mzigo wako imebebwa na Jamhuri. Ukiwaomba polisi "kesi ifutwe tuyamalize nyumbani", unautupa ushahidi ulio bora kuliko wote, kwa bei ya mbuzi mmoja na pole nyingi.

Mambo ya wiki ya kwanza hayafanywi na wakili. Ni yako na ndugu zako: kuchukua fomu ya majeruhi, PF3, polisi na kuhakikisha daktari ameijaza, kuandika namba ya gari na ya stika, kujua jina la mmiliki, ambaye mara nyingi si dereva, kupata majina na simu za walioona, kupiga picha, kuulizia mchoro wa ajali na ripoti ya ukaguzi wa magari. Na stakabadhi! Mahakama ya Rufani, katika shauri la Zuberi Augustino dhidi ya Anicet Mugabe lililochapishwa kwenye ripoti za mwaka 1992, ilisisitiza kwamba hasara mahususi lazima itajwe bayana kwenye madai na ithibitishwe. Nauli ya kwenda Mwanza, dawa za dukani, gongo la kutembelea, yote bila risiti ni hadithi tu mbele ya hakimu. Wakili hodari asiye na karatasi hafanyi miujiza. Nimewasikia watu wakimlaumu wakili kwa kupewa fidia ndogo, kumbe karatasi zote zilifungiwa maandazi.

Basi nani amtafute wakili? Aliyepata ulemavu, au ambaye daktari hawezi bado kusema atapona lini, kwa kuwa kukadiria maumivu ya miaka ijayo na kipato kilichopotea ni ufundi, na kampuni ya bima ina mafundi wake. Anayeambiwa kosa lilikuwa lake. Aliyepelekewa hati ya kumaliza madai ili atie sahihi. Wazazi wa mtoto aliyeumia. Na zaidi ya wote, aliyegongwa na gari la Serikali au la halmashauri. Huyo asijaribu peke yake hata kidogo: sheria inataka notisi ya siku 90 kabla ya kushitaki, Mwanasheria Mkuu aunganishwe, na shauri lifunguliwe Mahakama Kuu. Ukikosea hatua moja, shauri linatupwa kabla mguu wako haujatajwa.

Kuna mitego mingine isiyosubiri. Madai ya kudhuriwa kwa uzembe yana ukomo wa miaka 3 kwa Sheria ya Ukomo. Miaka mitatu ni mingi kwa anayeanza leo, lakini ahadi za "njoo mwezi ujao" huimaliza yote. Tena kampuni ya bima hulazimika kulipa hukumu iliyotolewa dhidi ya mteja wake ikiwa ilipewa taarifa ya shauri kwa wakati unaotakiwa. Shitaki dereva na mmiliki ukaisahau bima, utabaki na hukumu nzuri na mdaiwa asiye na kitu.

Hilo la mdaiwa asiye na kitu lisemwe wazi, maana mawakili wengine hawalisemi. Kama kijana wa bodaboda aliyekugonga anaendesha pikipiki ya mkataba, bima imekufa, na mwenye pikipiki naye ni wa kuungaunga, shauri la miaka miwili litakupa karatasi ya kubandika ukutani. Hapo kikao cha wazee ni busara, si udhaifu. Kaeni, mkubaliane alipe kidogo kidogo, muandike kwamba malipo ni ya matibabu yaliyokwisha kufanyika na kwamba yatakayozuka yatazungumzwa. Mimi siwapingi wazee. Napinga sentensi moja tu ya karatasi zao, ile ya "sina dai lolote".

Na wakili mwenyewe umjueje? Jihadhari na anayekuja wodini. Vishoka wanajua ratiba ya majeruhi kuliko wauguzi. Anakuja na fomu, anasema ana mtu wake bima, anataka umwachie PF3 halisi. Wakili wa kweli haruhusiwi kuvizia wateja namna hiyo, na PF3 halisi usimwachie mtu bila kubaki na nakala. Jina la wakili linahakikiwa kwenye mfumo wa Mahakama uitwao e-Wakili, unaoonyesha kama ana leseni ya mwaka huo. Simu ya mjukuu inatosha.

Kisha mkubaliane ada kwa maandishi. Kenya, sheria ya mawakili haitambui makubaliano ya kulipwa pale tu shauri linaposhinda; Marekani makubaliano hayo ndiyo ya kawaida katika ajali, na theluthi ya fidia kwenda kwa wakili si jambo la kushangaza. Hapa kwetu, usiingie kwenye "tutagawana" ya mdomo. Uliza ada ni kiasi gani, inalipwa kwa awamu zipi, na kama ndani yake imo nauli ya kwenda mahakamani na gharama ya daktari kuja kutoa ushahidi. Uliza fedha ikitoka itapitia wapi na utaonyeshwa hesabu gani. Anayekasirishwa na maswali haya amekwisha kukujibu.

Asiye na ada asikate tamaa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwatambua wasaidizi wa kisheria, na ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri yako inaweza kukuonyesha waliko. Hawawezi kusimama mahakamani badala yako, lakini wanaweza kukusomea hati na kukuelekeza. Tangu 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, basi usikubali kuambiwa hutaelewa. Na kulipia ushauri wa saa moja si sawa na kuajiri wakili wa shauri zima. Uza kuku wawili, mpelekee ile hati aisome kabla hujaitia sahihi.

Najua wapo watakaosema ajali ni mpango wa Mungu, na kudai fidia ni kukosa shukrani kwa uhai. Nawaheshimu. Lakini Mungu hakununua matairi yale yaliyokwisha, wala hakumtuma dereva aendeshe usiku wa pili bila kulala. Kumsamehe dereva moyoni na kuidai bima ni mambo yanayokaa pamoja bila ugomvi: unaweza kumwalika harusini mwaka uleule unaomtaja kwenye hati ya madai. Tena mara nyingi atafurahi, maana mzigo unatoka kwake unakwenda kwa kampuni aliyoilipa kwa kazi hiyohiyo.

Limebaki la waliofiwa. Hapo dai si la kaka mkubwa wala la anayeongea vizuri kwenye kikao. Ni la waliokuwa wakimtegemea marehemu: mjane au mgane, watoto, wazazi. Cheti cha kifo na usimamizi wa mirathi Mahakama ya Mwanzo familia inaweza kuyashughulikia yenyewe ikiwa haina mgogoro. Lakini kabla kikao cha ukoo hakijamchagua msimamizi, mjane aulizwe mbele ya watu wote, jina lake na la kila mtoto yaandikwe kwenye muhtasari, na msimamizi atamke akaunti gani itapokea fedha ya bima. Akisita kutamka, kikao kiahirishwe, na siku inayofuata mjane aende kwa wakili wake mwenyewe, si wa ukoo.