Haigizi, Anajikumbuka Tu: Imani Inayomnyang'anya Mwigizaji Kazi Yake

Ipo imani iliyoota mizizi miongoni mwa watazamaji, kuanzia kumbi ndogo za video za Butembo na Beni, mashariki ya Kongo, hadi matamasha makubwa ya filamu ya Ulaya, kwamba msichana aliyekulia katika taabu anaposimama mbele ya kamera na kuwaliza watu haigizi, bali anajikumbuka. Kwamba kipaji chake ni majeraha yake, na kwamba mwongozaji aliyempata hakufanya zaidi ya kuwasha mashine na kuyaacha majeraha hayo yaseme yenyewe. Imani hiyo hutamkwa kama sifa, tena kwa sauti ya huruma, na ndiyo maana wachache huthubutu kuipinga. Lakini sifa inayomwondolea mtu jasho lake ni unyang'anyi wenye adabu, na katika historia fupi ya filamu za Kongo hakuna aliyesifiwa zaidi kwa namna hiyo kuliko mwigizaji Rachel Mwanza.

Habari zake za msingi zinajulikana. Alipitia sehemu ya utoto wake katika mitaa ya Kinshasa, miongoni mwa watoto ambao jiji hilo huwaita shegue, baada ya familia yake kusambaratika na yeye mwenyewe kushutumiwa uchawi, shutuma ambayo imewatupa nje ya nyumba zao watoto wengi wa Kongo. Kim Nguyen, mwongozaji kutoka Quebec nchini Kanada, alimchagua awe mhusika mkuu wa filamu yake Rebelle, iliyopigwa nchini Kongo. Tarehe 18 Februari 2012, katika tamasha la filamu la Berlin, Mwanza alipewa Dubu wa Fedha wa mwigizaji bora wa kike, yaani tuzo ambayo waamuzi wa tamasha hilo waliitoa hadi mwaka 2020 kwa mwigizaji wa kike aliyewazidi wenzake wote katika filamu zilizoshindanishwa. Mwaka huohuo tamasha la Tribeca la New York lilimpa tuzo ya namna hiyo, mwaka 2013 Kanada ikamtunukia ya kwake, na filamu yenyewe ikaingia katika orodha ya mwisho ya filamu za lugha za kigeni zilizowania Oscar. Mwaka 2014 alichapisha kitabu cha maisha yake. Tangu wakati huo hadithi yake husimuliwa kwa sentensi moja: mtoto wa mtaani aliokotwa, akaigiza maisha yake, akawa nyota.

Sehemu ya katikati ya sentensi hiyo si kweli. Mhusika wa Rebelle anaitwa Komona, msichana anayetekwa na waasi akiwa na miaka 12, anayelazimishwa kuwaua wazazi wake kwa bunduki, na ambaye miaka miwili baadaye, akiwa mjamzito, anamsimulia mtoto aliye tumboni mambo yaliyompata. Komona ni yule ambaye Kiswahili cha mashariki ya Kongo kimemwita kadogo tangu vita vya 1996 na 1997, yaani mtoto aliyevishwa sare na kupewa silaha. Mwanza hakuwahi kuwa kadogo. Alilala barabarani katika jiji kuu lililo zaidi ya kilomita 1,500 kutoka Beni, akijua njaa, polisi, mvua na kipigo, lakini si kambi ya msituni wala amri ya kuua. Msomaji wa Oicha au wa Mbau, ambako mauaji na utekaji nyara vimekuwa habari ya kila msimu tangu Oktoba 2014, hahitaji kuelezwa kwamba mambo hayo mawili hayafanani. Anayeyachanganya ni yule anayeyatazama kwa mbali sana, ambaye machoni pake taabu zote za Waafrika ni taabu moja, hivyo aliyeonja moja anadhaniwa kuzijua zote.

Kuna ushahidi mwingine, nao hutajwa mara chache. Katika mwaka huohuo wa 2012 Mwanza alionekana pia katika Kinshasa Kids ya Mbelgiji Marc-Henri Wajnberg, filamu inayochanganya uhalisia na ubunifu kuhusu watoto wa mitaani, wakiwamo walioshutumiwa uchawi, wanaounda kundi la muziki. Hiyo ndiyo iliyokuwa karibu na maisha yake. Hata kama filamu hizo mbili hazilingani kwa nafasi aliyopewa, inafaa kuuliza kwa nini tuzo zilitoka katika ile iliyokuwa mbali na maisha yake, ikiwa kweli jeraha ndilo kipaji.

Tofauti kati ya kukumbuka na kuigiza ilipata mfano wake mkali siku 25 tu baada ya usiku ule wa Berlin. Tarehe 14 Machi 2012, Mahakama ya Kimataifa ya Makosa ya Jinai ya The Hague ilitoa hukumu yake ya kwanza kabisa, ikimtia hatiani Thomas Lubanga, kiongozi wa wanamgambo, kwa kuwaandikisha na kuwatumia vitani watoto wa chini ya miaka 15 katika Ituri, mkoa unaopakana na Beni upande wa kaskazini. Katika kesi hiyo majaji walikataa kuutegemea ushuhuda wa vijana kadhaa waliojitambulisha kuwa walikuwa watoto askari, kwa kuwa waliona hatari kwamba wasaidizi waliotumiwa na upande wa mashtaka kuwatafuta mashahidi walikuwa wamewashawishi baadhi yao kusema yasiyo kweli. Shahidi anayesema ambalo hakuliishi huharibu kesi. Mwigizaji anayeonyesha asiloliishi, na kulionyesha hata aliyeliishi akalitambua, ndiye aliyetimiza wajibu wake. Kumwita mwigizaji shahidi, hata kwa nia njema, ni kumhukumu kwa sheria isiyo yake.

Mwenye kuitazama Rebelle kwa makini huiona kazi yenyewe. Komona huona mizimu ya waliouawa, na katika filamu mizimu hiyo ni watu waliopakwa rangi nyeupe mwili mzima, wakisimama kimya kati ya miti. Hakuna kumbukumbu ya mtaa wowote wa Kinshasa inayoweza kumsaidia msichana kumwogopa mtu mzima aliyepakwa rangi, ambaye pengine dakika chache kabla alikuwa akinywa chai pembeni na mafundi wa taa; woga huo ni wa kutengenezwa, tena urudiwe kila kamera inapohamishwa ili picha za pembe mbalimbali zioane. Ugumu mwingine, ambao wasifu wa machozi huuruka, uko katikati ya filamu, pale Komona anapotoroka na kijana aitwaye Magicien, ambaye kabla ya kukubaliwa kuwa mume anatakiwa kumtafuta jogoo mweupe. Ni kisa cha kuchekesha na cha mapenzi, na uso wa Mwanza, ambao hadi hapo umekazwa kama ngozi ya ngoma, unalegea polepole, kwanza kwa mashaka, kisha kwa utani, mpaka mtazamaji anasahau kwamba msichana huyu ameshaua. Kumliza mtazamaji kwa habari ya vita si kazi kubwa, kwa kuwa vita vyenyewe vinaliza. Kumfanya acheke na jogoo baada ya yote hayo kunahitaji mtu anayejua kupima.

Wanaoitetea imani hii wana hoja moja yenye uzito kidogo. Nguyen aliipiga filamu kwa kufuata mtiririko wa hadithi, tukio la kwanza kwanza na la mwisho mwisho, wala hakuwapa waigizaji mswada wote, yaani maandishi yenye matukio na maneno ya filamu, kabla ya kuanza. Basi, wanasema, msichana hakujua kinachokuja na alikuwa akishtuka kweli. Lakini Mwingereza Ken Loach amefanya kazi kwa njia hiyohiyo kwa miongo mingi, akiwatumia waigizaji wazoefu pamoja na wapya, na haisikiki kwamba wazoefu hao waliacha kuwa waigizaji kwa sababu ya utaratibu wa mwongozaji wao. Kutojua ukurasa wa kesho ni hali ya kazi. Hakumwambii mtu aushike vipi mkono wa mwenzake leo, wala lini anyamaze.

Miaka 5 baadaye kosa hilo lilikuwa tayari kurudiwa kwa Véro Tshanda Beya, mwanamke wa Kinshasa aliyekuwa mhusika mkuu wa Félicité ya mwongozaji Alain Gomis, filamu iliyotwaa Tuzo Kuu ya Waamuzi huko Berlin mwaka 2017 na nishani ya juu ya FESPACO, tamasha la filamu za Afrika linalofanyika Ouagadougou. Anamwigiza mwimbaji wa baa, na wengi wangeapa kwamba ni mwimbaji wa baa. Sauti inayosikika ikiimba ni ya Muambuyi, wa kundi la Kasai Allstars. Tshanda Beya alijaza koo, mabega na pumzi kwa wimbo usiotoka kinywani mwake, na hakuna kitendo kinachoonyesha wazi zaidi kwamba kinachoonekana ni ufundi.

Isidhaniwe kwamba imani hii ni ya wageni peke yao. Butembo na Beni zina toleo lake la nyumbani, ambalo huwaumiza wasichana wengi zaidi kwa kuwa liko karibu nao: msichana anayeigiza malaya katika filamu fupi ya Kinande au Kiswahili huitwa malaya sokoni, anayeigiza mke mkorofi huonekana hafai kuolewa, na anayeigiza mchawi ana sababu nzito zaidi ya kuogopa, kwani katika nchi hii neno hilo limewatia watu hatarini. Ajabu ni kwamba macho hayohayo hujua kutofautisha yanapotaka. Katika maigizo ya mateso ya Yesu yanayochezwa na vijana wa parokia wakati wa Pasaka, kijana aliyekuwa Yuda husalimiwa kesho yake kama kawaida, na hakuna duka linalomkatalia mkopo kwa sababu ya vile vipande 30 vya fedha. Yuda anaaminika kuwa ni uigizaji kwa sababu mchezaji ni mvulana na hadithi ni takatifu. Msichana hapewi heshima hiyo. Chochote anachokionyesha huhesabiwa kuwa kilikuwa ndani yake, jeraha likiwa la kuhurumiwa na uovu ukiwa wa kusutwa.

Nyota wa nchi tajiri wanapewa heshima hiyo bila kuomba, na mfano wake umo katika historia ya filamu zilizopigwa Kongo yenyewe. Mwaka 1958 Audrey Hepburn alifika Stanleyville, Kisangani ya leo, kupiga The Nun's Story, akiigiza mtawa wa Kibelgiji anayehudumia wagonjwa katika koloni. Filamu ilipotoka mwaka 1959 alisifiwa kwa ustadi na kuwania Oscar, na hakuna mwandishi aliyedai kwamba alikuwa mtawa. Hepburn naye alikuwa na jeraha lake: alikulia Uholanzi chini ya uvamizi wa Wajerumani na kupita katika njaa kali ya mwaka 1944 hadi 1945. Alipoombwa kumwigiza Anne Frank, msichana Myahudi aliyezaliwa mwaka mmoja naye na kufia katika kambi ya Wanazi, alikataa, kwa kuwa kumbukumbu za vita zilikuwa karibu mno. Mwongozaji George Stevens akamchukua Millie Perkins, aliyekuwa mgeni katika filamu, na picha ikatoka mwaka huohuo wa 1959. Kwa hiyo Hepburn alikuwa na haki mbili ambazo wasichana wa Kivu hawahesabiwi kuwa nazo: kusifiwa kwa asichokiishi, na kukataa kukicheza alichokiishi.

Madhara ya kunyimwa haki hizo huonekana pesa zinapohesabiwa. Anayeaminiwa kuwa anajionyesha halipwi kama fundi, hupewa msaada. Wazalishaji wa Rebelle waligharimia masomo na makazi ya Mwanza hadi afikishe miaka 18, jambo jema ambalo wengi wasingelifanya, lakini ilivyozoeleka kusimuliwa, wema huo umekaa mbele na kazi ikabaki nyuma, kana kwamba msichana ndiye mwenye deni. Madhara ya pili ni ya kazi inayofuata, kwani aliyeonyesha maisha yake ameshayamaliza kuyaonyesha, na mwongozaji mwingine haoni amwite kwa lipi. Imani hiyohiyo inaweza kuyagusa hata maigizo ya uponyaji, ambamo manusura huicheza habari yao wenyewe wakiwa na washauri ili kupunguza uzito wake. Hayo ni tiba, yana taratibu zake za siri na za usalama, na kuyachukua kuwa usaili wa filamu, yaani majaribio ya kumpata mchezaji, ni kumtendea mgonjwa kama mali ghafi.

Goma ilikuwa na kituo cha utamaduni cha Yole!Africa cha Petna Ndaliko Katondolo na tamasha lake la filamu, mahali ambapo kijana wa Kivu aliweza kuishika kamera badala ya kusubiri apigwe picha. Tangu waasi wa M23 walipoiteka Goma mwishoni mwa Januari 2025, makao ya muda ya serikali ya mkoa wa Kivu Kaskazini yako Beni, na wenye kamera wanaotafuta nyuso za vita sasa wanaweza kuzitafuta Beni na Butembo. Wanaowapokea, wawe viongozi wa vikundi vya maigizo, wa mashirika au wa parokia, wasikubali usaili unaoanza kwa swali la yaliyompata msichana. Uanze kwa ukurasa wa kusoma, kwa mchezaji mwenza wa kujibizana naye, na kwa mkataba wenye kiasi cha malipo, uliosomwa kwa lugha anayoielewa. Akiitaka nafasi ya kadogo, apewe kwa sababu ameiweza. Asipoitaka, atafutiwe ya hakimu, ya tajiri wa Butembo anayesafirisha mizigo kutoka Dubai, au ya mchekeshaji.