Mambo ya Nyumbani: Kuku wa Nazi na Mayai

Mwezi huu twataka kusema juu ya kuku wa nazi na mayai, chakula ambacho watu wetu, toka Mlandizi upande wa Kibaha hata Maneromango upande wa Kisarawe, humpikia mgeni wamheshimuye. Kisha twataka kuuliza: Je, ni nani wanaokila?

Namna ya kukipika ni hii. Mchinjeni kuku mmoja, mkateni vipande, mpakeni ndimu, chumvi, na tangawizi na kitunguu saumu vilivyotwangwa. Kuneni nazi mbili, mkamue tui la kwanza lililo zito na kuliweka kando. Tieni maji tena, mkamue tui la pili. Katika tui hili la pili mpikeni kuku pamoja na vitunguu na bizari hata alainike. Naye akiwa mzee, saa moja na nusu si nyingi. Wakati huo twaeni mayai, moja kwa kila mtu wa nyumba, myatie katika maji baridi: yai lielealo juu huenda limeharibika, litupeni. Yaliyo mema yachemsheni dakika 10, yamenyeni, myachanje kwa kisu ili mchuzi upate kuingia. Mwisho mimineni tui zito, mkikoroga pasipo kuacha lisije likakatika, kisha tieni mayai. Likitokota kidogo, epueni.

Sasa neno letu. Siku moja tulikaribishwa katika nyumba moja huko Kisarawe. Tulipewa paja na mayai mawili, nasi tukala kwa furaha. Mke wa mwenyeji wetu alikuwa mja mzito, naye alikula ugali kwa mchuzi mtupu pamoja na watoto. Tulipouliza sababu, bibi yake akatujibu kwa upole, "Mwalimu, mja mzito akila yai, mtoto huzaliwa hana nywele." Tulinyamaza, maana mayai yalikuwa yamekwisha kufika tumboni mwetu. Haya ile tungali nayo.

Bibi yule hakusema kwa ubaya; alimpenda mjukuu wake, na neno lile alilipokea kwa wazee wake. Tena yai moja likitamiwa siku 21 huwa kifaranga, basi si ajabu watu kuyahurumia mayai. Lakini yai haliondoi nywele za mtoto. Lina vitu vya kujenga mwili, navyo ndivyo avihitajivyo mama mwenye mimba, na mtoto aliyeachishwa ziwa.

Basi, enyi baba wa nyumba, firigisi ni yenu kwa desturi, wala hatuwanyang'anyi. Wekeni pia mayai ya kutamiwa. Bali siku kuku apikwapo, yai la kwanza apewe mama, na la pili mtoto, mgeni atangoja. Nanyi walimu, anzeni nyumbani mwenu kabla ya kufundisha wengine. Nasi tukija kwenu, tutalitazama kwanza bakuli la mama.